Karabai, Madesa na Samaki Mfu: Maswali Yenu Kuhusu Ubongo

Mwezi uliopita tuliomba maswali kuhusu ubongo na akili, hasa yale ambayo utafiti wa miaka ya karibuni umeyapindua. Yaliyotufikia kutoka Mwanza, Sengerema na Misungwi ni mengi kuliko kurasa tulizopewa. Tumechagua saba. Wale watatu mliouliza kama kuna dawa ya kumwongezea mtoto akili wiki ya mtihani: hakuna, na fedha hiyo mnunulieni chakula cha asubuhi.

SWALI: Shikamooni. Niko kidato cha nne, Buhongwa. Napiga msuli hadi saa 8 usiku, naamka saa 11. Madesa nayapitia mara nne, mara tano, mpaka naona kabisa yameingia. Nikifika kwenye chumba cha mtihani, kichwa cheupe. Wenzangu wanasema ubongo umejaa. Je, ubongo unajaa?

JIBU: Marahaba. Haujai. Umepotezwa na picha ya debe linalomiminiwa maji hadi pomoni. Kumbukumbu ni mabadiliko kwenye sinapsi, yaani viungio vya seli za neva, na viungio hivyo hukomaa zaidi unapolivuta jambo kutoka ndani kuliko unapolipitisha tena machoni.

Ushahidi upo wazi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, Marekani, waliwapa wanafunzi habari fupi ya kusoma. Kundi moja liliisoma mara nne. Jingine liliisoma mara moja, kisha likajipima mara tatu kwa kuandika lilichokikumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5, waliosoma mara nne walikuwa mbele: asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Waliojipima walikumbuka asilimia 61, waliorudia kusoma asilimia 40. Na hao wa asilimia 40 ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka! Huko "kuona yameingia" ni macho yamezoea ukurasa. Kulitambua jambo ukiliona ni kazi moja, kulitoa mwenyewe bila kuliona ni kazi nyingine, na mtihani unadai hiyo ya pili.

Basi geuza kazi. Soma kurasa mbili au tatu kwa dakika 20. Funga daftari, chukua karatasi tupu, andika kila unachokumbuka kwa dakika 10 bila kuchungulia. Kisha fungua na usahihishe kwa kalamu nyekundu. Kesho yake usisome kurasa zote: anza na karatasi tupu tena, halafu usome yale mekundu tu. Rudia baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Kipimo cha kukisia ni kwamba pengo kati ya marudio liwe kama asilimia 10 hadi 20 ya muda uliobaki hadi mtihani. Mtihani ukiwa miezi miwili mbele, pengo la siku 6 hadi 12 linatosha. Tahadhari moja: wiki ya kwanza utajiona mjinga kuliko ulivyokuwa, maana karatasi tupu haibembelezi mtu. Wengi hukata tamaa hapo na kurudi kwenye madesa.

Sasa usingizi. Umri wako unadai saa 8 hadi 10, wewe unajipa tatu. Mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton walirekodi seli za hipokampasi, sehemu ya ubongo inayopokea kumbukumbu mpya, kwa panya waliokuwa wakitembea mahali fulani. Panya walipolala, seli zilizowaka pamoja mchana ziliwaka pamoja tena. Ubongo ulikuwa unarudia somo, na marudio ya namna hiyo ndiyo yanayosaidia kulihamishia kwenye tabaka la nje la ubongo lipate kudumu. Anayekesha anaanua dagaa kabla hawajakauka. Watajaa gunia sawasawa, lakini subiri siku tatu uwanuse. Lala saa 4 usiku, amka saa 12. Saa zile za usiku unazozipoteza hazikufaidishi, tumeshaona.

SWALI: Habari za kazi wataalamu. Sisi ni wavuvi wa dagaa kwa karabai, kisiwa cha Kome. Wakati wa giza tunaingia ziwani jioni na kutoka asubuhi, usiku hadi usiku, wiki mbili na zaidi. Mchana usingizi hauji, ukija ni wa mang'amung'amu. Alfajiri kuna mwenzetu anavuta kamba macho wazi, ukimwita haitiki. Na ugomvi ni mwingi kuliko siku za mbalamwezi. Ni uchovu tu, au kuna jambo kichwani? Wabeja.

JIBU: Kuna jambo kichwani, na limepimwa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, waliweka nyaya nyembamba kwenye ubongo wa panya na kuwacheleweshea usingizi. Panya walikuwa macho, wanatembea, wanachezea vitu. Lakini vikundi vidogo vya seli za neva vilikuwa vinazima kwa sehemu ya sekunde, kimoja hapa, kingine pale, vile vile kama vya aliyelala. Kadiri walivyozidi kukosa usingizi ndivyo kuzima kulivyoongezeka, na ndivyo walivyokosea kufikia chembe ya sukari waliyofundishwa kuichukua. Zamani ilisemwa mtu ama yuko macho ama amelala. Sasa tunajua ubongo unaweza kusinzia vipande vipande huku macho yamefunguka. Mwenzenu hana dharau, sehemu ya ubongo wake imelala.

Hatari yake imewekewa kipimo pia. Utafiti wa Australia wa mwaka 1997 uliona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, na akifikisha saa 24 ni kama asilimia 0.10. Aliyeamka saa 4 asubuhi anatimiza saa 17 saa 9 usiku, wakati neti imejaa na mtumbwi umeinama. Kuhusu ugomvi: mwaka 2007 watu waliokeshwa kama saa 35 walionyeshwa picha za kuchukiza ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya ubongo. Amigdala zao, vijisehemu vyenye umbo la lozi vinavyoshughulika na hofu na hasira, ziliitikia kwa zaidi ya asilimia 60 kuliko za waliolala, na mawasiliano yake na sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, inayotuliza, yalikuwa yamelegea. Kwa hiyo hesabu za mgawo msizifanye alfajiri. Zifanyeni baada ya kulala.

Mbona mchana usingizi hauji? Juu kidogo ya mahali neva za macho mawili zinapopishana kuna kundi la seli kama 20,000 linaloshika saa ya mwili. Saa hiyo hurekebishwa na mwanga kupitia seli za jicho ambazo kazi yake kubwa si kuona. Ziligunduliwa mwaka 2002, na zinaitikia zaidi rangi ya buluu iliyomo kwenye mwanga wa jua. Mkitoka ziwani jua likiwa usoni, saa inasoma "asubuhi" na kuamuru mwili uamke, wakati nyinyi ndio mnatafuta mkeka.

Fanyeni hivi. Kuanzia jua linapochomoza hadi kitandani, vaa kofia ya ukingo mpana na miwani ya giza, isipokuwa wewe ndiye unayeongoza mtumbwi na huoni vizuri. Mauzo ya mwaloni yafanyeni kwa zamu: mmoja au wawili wabaki, wengine wawe wamelala ndani ya saa moja tangu kutia nanga. Dirisha lizibwe kwa turubai au blanketi zito. Jaribio lake ni kunyoosha mkono: ukiona vidole vyako, chumba bado kina mwanga. Chini ya bati bila dari, joto la saa 7 mchana humwamsha yeyote, maana mwili lazima upoe kidogo ndipo usingizi ushike. Kwa hiyo lala mapema, saa 2 hadi saa 7, kisha ongeza saa moja na nusu jioni, saa 10 hadi saa 11 na nusu. Amka nusu saa kabla ya kusukuma mtumbwi, kwani akili ya aliyeamka sasa hivi ni nzito.

Kahawa ni msaada kwa masharti. Uchovu hujilimbikiza kama kemikali iitwayo adenosini, na kahawa huziba tu milango ambayo adenosini ingepitia. Haiiondoi. Nusu ya kahawa uliyokunywa bado imo mwilini baada ya kama saa 5, hivyo anayetaka kulala saa 2 asubuhi anywe kikombe cha mwisho kabla ya saa 8 usiku. Huko ziwani mpeane zamu za kusinzia dakika 20, mmoja mmoja, na anayeshika mashine awe yule aliyelala vizuri mchana. Jaketi la kuelea livaliwe. Si la kukalia.

Mbalamwezi ikianza, msishangae siku tatu nne za mwanzo kuwa mbovu bado. Saa ya mwili husogea kama saa moja hivi kwa siku.

SWALI: Nimetumiwa kwenye simu picha ya ubongo yenye doa jekundu, imeandikwa "wanasayansi wamegundua sehemu inayowaka mtu akidanganya". Mchumba wangu anasema siku hizi mashine inasoma mawazo. Ni kweli? — Pasiansi.

JIBU: Wewe na mchumba tunawaachia wenyewe. Sisi tuzungumzie doa jekundu.

Ubongo hauwaki. Mashine ya MRI inayotumika kwenye picha hizo hupima damu yenye oksijeni, siyo mawazo. Seli za neva zikifanya kazi, damu huongezeka hapo na kufika kilele baada ya sekunde 5 au 6, wakati seli zenyewe hupelekeana ujumbe kwa sehemu ya elfu ya sekunde. Ubongo hugawanywa kwenye vipande vidogo vya mchemraba, aghalabu milimita 3 kila upande, kila kimoja kikiwa na mamia ya maelfu ya seli. Kisha kompyuta huuliza kwa kila kipande peke yake: je, hapa damu ilibadilika? Rangi nyekundu hupakwa baadaye, palipovuka kiwango alichochagua mtafiti.

Hapo ndipo samaki anapoingia. Craig Bennett na wenzake huko Marekani walimnunua samoni, samaki wa Atlantiki, aliyekwisha kufa, wakamlaza ndani ya mashine na "kumwonyesha" picha za watu wenye hisia mbalimbali. Mwaka 2009 wakatoa matokeo: vipande 16 kati ya 8,064 vilionyesha "kazi ya ubongo". Samaki mfu, kama yule wa mwaloni Kirumba! Hakuna muujiza. Ukikubali kosa moja katika kila majaribio 1,000, halafu ukafanya majaribio 8,064, utapata madoa ya uongo kama 8 kwa bahati tu, na kelele za mashine zikiongeza kidogo unafika 16. Walipotumia hesabu ya kusahihisha wingi wa majaribio, madoa yote yalitoweka. Kazi hiyo ilipewa tuzo ya mzaha ya Ig Nobel mwaka 2012, lakini ilibadilisha tabia za maabara kuliko hotuba nyingi.

Bado kuna matatizo. Mwaka 2020 vikosi 70 vya watafiti vilipewa data ile ile ya watu 108 na kuulizwa maswali 9 yale yale. Hakuna vikosi viwili vilivyofuata njia moja ya uchambuzi, na kwa baadhi ya maswali majibu yalipishana kabisa. Mwaka 2022 uchambuzi wa picha za watu kama 50,000 ulionyesha kwamba anayetaka kuhusisha umbo au utendaji wa ubongo na tabia ya mtu anahitaji maelfu ya washiriki, ilhali tafiti nyingi zilikuwa na watu kama 25. Ukitumiwa doa jekundu tena, uliza: walikuwa watu wangapi, walilinganishwa na nini, na nani mwingine amerudia akapata hayo hayo? Picha ya simu yako haina jibu hata moja.

Kusoma mawazo: kuna hatua ya kweli, ndogo. Mwaka 2023 Jerry Tang na Alexander Huth wa Chuo Kikuu cha Texas waliwasikilizisha watu watatu hadithi kwa saa 16 kila mmoja ndani ya MRI, kisha programu ikaweza kukisia maana ya jumla ya hadithi mpya, si neno kwa neno. Programu iliyofunzwa kwa ubongo wa mtu mmoja ilishindwa kwa mwingine. Na mtu akiamua kuhesabu kimoyomoyo au kutaja wanyama, inavurugika. Mashine yenyewe inajaza chumba na inadai ulale bila kutikisika. Mchumba hataifikisha sebuleni kwa siri.

SWALI: Ni kweli tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo? — Nansio, Ukerewe.

JIBU: Si kweli. Ubongo wa kilo 1.3 hadi 1.4 ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili na unakula kama asilimia 20 ya nguvu zake. Mwili haulishi kisichofanya kazi, na hakuna sehemu ya ubongo ambayo ikiumia haileti hasara fulani. Idadi ya seli nayo imesahihishwa. Vitabu vya shule viliandika seli za neva bilioni 100, mpaka Suzana Herculano-Houzel wa Brazili alipoyeyusha ubongo kwa sabuni ya maabara ukawa mchuzi sawasawa, akahesabu viini: bilioni 86, matokeo ya mwaka 2009. Kama bilioni 69 kati ya hizo zimo kwenye serebelamu, ule ubongo mdogo wa kisogoni. Ramani kamili ya ubongo wa inzi wa matunda, seli 139,255, ilikamilika mwaka 2024 tu. Fanya mgawanyo uone kazi iliyobaki.

SWALI: Sisi ni ndugu wawili, shamba la marehemu baba liko Misungwi. Mimi nakumbuka wazi baba alituonyesha mpaka kwenye mstari wa mkonge. Kaka anaapa ni kwenye mwembe. Wote tulikuwapo, na kaka simjui kwa uongo. Mmoja wetu amechanganyikiwa?

JIBU: Si lazima, na tumependa kwamba hukuanza kwa kumwita kaka yako mwongo.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kumbukumbu ikishatulia imetulia. Mwaka 2000 Karim Nader, akiwa kwenye maabara ya Joseph LeDoux jijini New York, aliwafundisha panya kuogopa mlio fulani kwa kuuambatanisha na shoti ya umeme. Baadaye aliwasikilizisha mlio tena na papo hapo akawatia kwenye amigdala dawa inayozuia kutengenezwa kwa protini. Woga ulipotea. Panya waliopewa dawa bila kukumbushwa mlio walibaki na woga wao. Maana yake ni kwamba kumbukumbu ikiamshwa hulainika kwa muda na inahitaji kujengwa upya ndipo ikae tena. Kila mlipoisimulia habari ya mpaka, kwenye msiba, kwenye ugomvi wa kwanza, kwa mawakala wa ardhi, kila mmoja aliijenga upya akiwa na hasira na matumaini ya siku hiyo.

Neno moja la muulizaji linatosha kuiharibu. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu ya magari yakigongana. Baadhi waliulizwa mwendo wa magari "yalipopondana", wengine "yalipogongana". Wiki moja baadaye, 16 kati ya 50 wa kundi la kwanza walikumbuka vioo vilivyovunjika, na 7 kati ya 50 wa kundi la pili. Vioo havikuwapo.

Kwa hiyo uwazi wa picha kichwani mwako si hati. Mnachoweza kufanya: kila mmoja aandike peke yake, siku moja, kabla ya kuzungumza tena, anachokumbuka kuhusu siku ile kwa jumla. Nani walikuwapo, ilikuwa msimu gani, baba alisimama wapi, alisema nini. Atie tarehe na sahihi. Mashahidi wengine waulizwe mmoja mmoja, kwa swali la wazi ("tueleze siku ile"), kamwe si "je, hakuonyesha mwembe?" Wakishakaa pamoja kwenye kikao wataambukizana, kisha wote watakubaliana kwa kosa moja. Tafuteni visivyosahau: umri wa mkonge wenyewe, jirani aliyepakana, karatasi yoyote ya kijiji. Msipovipata, gaweni kwa maelewano mbele ya baraza, kwa sababu hakuna namna ya kukisafisha kichwa cha yeyote kati yenu kirudi siku ile.

SWALI: Baba yangu, miaka 61, alipata kiharusi miezi minne iliyopita. Mkono wa kulia unanyanyuka kidogo, vidole vinafunguka kidogo, lakini kila kitu anatumia wa kushoto. Majirani wanasema seli za ubongo zikifa zimekufa. Tuendelee na mazoezi au tunajisumbua? — Binti yake, Igoma.

JIBU: Poleni kwa kuuguza. Endeleeni. Seli zilizokufa hazirudi, hapo majirani wako sahihi. Wasichokijua ni kwamba seli za jirani na eneo lililoumia zinaweza kuchukua sehemu ya kazi, mradi zilazimishwe.

Edward Taub aliona kwamba mnyama aliyepoteza hisia za mkono huuacha hata pale ambapo ungeweza kujongea, kwa sababu kila alipojaribu alishindwa. Amejifunza kutoutumia. Dawa yake ni kuufunga mkono ule usioathirika. Jaribio kubwa la Marekani lililotolewa mwaka 2006, lenye wagonjwa 222 waliokuwa na miezi 3 hadi 9 tangu kiharusi, liliwavisha glovu nene mkono huo usioathirika hadi asilimia 90 ya muda wa kuwa macho, kwa wiki 2, pamoja na mazoezi ya hadi saa 6 siku za kazi. Mkono dhaifu uliimarika, na faida ilikuwapo mwaka mmoja baadaye. Sharti lilikuwa hilo baba analo: kifundo na vidole viweze kufunguka kidogo.

Nyumbani saa 6 hazitekelezeki, na zitamchosha. Muoneni kwanza mtaalamu wa fiziotherapia, Bugando au hospitali iliyo karibu, apime bega na shinikizo la damu. Kisha mvisheni mkono wa kushoto soksi nene kwa saa mbili tatu kwa siku akiwa ameketi. Soksi itoke anapotembea, anaposhika mkongojo, na anapokaribia jiko au uji wa moto. Mpeni kazi za kweli: kuokota maharage kutoka bakuli moja hadi jingine, kukunja khanga, kufungua kifuniko cha chupa, kuchambua dagaa. Kazi iwe ya kufaulu kama mara 7 kati ya 10. Ikizidi hapo, ongezeni ugumu. Na mhesabu. Watafiti waliokaa na kuhesabu kwenye kliniki za Marekani na Kanada waliona wastani wa miondoko 32 tu ya mkono kwa kikao, wakati wanyama wa maabara ambao ubongo wao ulijipanga upya walifanya mamia kwa siku. Anzeni na 100 kwa siku, mgawanye asubuhi na jioni, mpande taratibu hadi 300.

Yanayoharibu: kumvuta kwa mkono dhaifu anapoinuka (bega huteguka, maumivu yake humaliza mazoezi yote), na kuacha vidonge vya presha siku anayojisikia nafuu. Kwa wanaosoma na mgonjwa wao ana siku ya kwanza tu, jueni kwamba mazoezi makali ndani ya saa 24 yalileta matokeo mabaya zaidi kwenye jaribio la mwaka 2015 lenye wagonjwa zaidi ya 2,000.

Kiharusi kipya ni mbio. Uso umeanguka upande, mkono haunyanyuki, maneno yanakwama: andika saa iliyoanza na mkimbizeni. Kwa kiharusi cha kawaida kilichoziba mshipa mkubwa, seli za neva kama milioni 1.9 hufa kila dakika. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, na ni baada ya picha ya kichwa tu, kwa sababu kiharusi cha kuvuja damu kingezidi. Kwa sababu hiyo hiyo msimpe aspirini nyumbani.

SWALI: Samaki ana akili? Au tunajisumbua kumwonea huruma? — Mchuuzi wa sangara, Kirumba.

JIBU: Aliye hai, anayo ya kiasi. Samaki mmoja wa Ziwa Tanganyika, wa ukoo mmoja na furu wenu, aliwekwa atazame wenzake wakipigana: A akamshinda B, B akamshinda C, C akamshinda D, D akamshinda E. Hakuwahi kumwona B akipambana na D. Alipowekwa kati yao, alisogea upande wa D, yule mnyonge. Amefanya hesabu ya daraja kwa kutazama tu. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2007.

Maumivu ni mjadala. Mwaka 2003 Lynne Sneddon, Uingereza, alionyesha kwamba samaki aina ya trauti ana neva za kupokea madhara usoni na mdomoni. Wanaopinga wanasema hana lile tabaka la juu la ubongo wetu, kwa hiyo kuitikia si kuteseka. Sisi tunaona hoja hiyo ya pili ni dhaifu, maana ndege naye hana tabaka hilo na bado anafanya mengi.

Lakini wewe una sababu ya mfukoni. Sangara anayetapatapa kwenye sakafu ya mtumbwi anaunguza sukari ya misuli, asidi inapanda, ukakamavu unamwingia mapema na nyama inalegea haraka. Pigo moja zito la rungu juu ya kichwa, nyuma kidogo ya macho, ndipo ubongo ulipo. Kisha barafu papo hapo, iliyochanganywa na maji kidogo ili imguse pande zote.